TAHADHARI: Mbweha wa "kioo cha Kijapani" anayeuzwa mtandaoni ni resini

Wapenzi wa sanaa ya Japani, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anayejiita fundi wa kioo wa Kyoto. Anauza sanamu za kitsune (mbweha wa ngano za Kijapani) wenye mikia tisa, kwa bei ya kazi ya mkono. Wangu amefika: resini, aina ya plastiki, iliyomiminwa kwenye kalibu, mshono wake unaonekana kuanzia kidevuni hadi tumboni.

Nilipomuuliza alidai ni "kioo chepesi cha kisasa". Uongo mtupu. Mililita moja ya kioo cha kawaida ina gramu kama 2.5, ya resini huwa 1.1 au 1.2 hivi. Kama sanamu haina uwazi ndani, ipime kwenye mizani ya jikoni, kisha izamishe yote kwenye jagi lenye vipimo uone maji yamepanda mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Wangu alitoa 1.1. Msichome kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri; mkishaiharibu, muuzaji atapata kisingizio cha kukataa kuipokea.

Maelezo yake nayo yanamuumbua. Eti ni Edo kiriko! Ufundi huo, ulioanza Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1834, ni wa kukata nakshi kwenye kioo kwa gurudumu linalozunguka. Mbweha huyu hana mkato hata mmoja. Tena anamwita "mungu Inari", wakati mbweha weupe wa hekalu la Fushimi Inari, lililoko hukohuko Kyoto, ni wajumbe tu wa Inari. Wengine wamebeba mdomoni ufunguo wa ghala la mpunga. Na mwenye mikia tisa maarufu kuliko wote katika ngano za Japani ni Tamamo-no-Mae, aliyejigeuza mwanamke mrembo akamhadaa Kaizari Toba. Huyo ndiye anauzwa kama hirizi ya baraka nyumbani! Fundi wa Kyoto hawezi kuchanganya hayo.

Atakusukuma ulipe kwa PayPal, njia ya ndugu na marafiki. Kataa, haina ulinzi wa mnunuzi. Mimi nililipa kwa kadi na madai yangu yako benki.

Sasa amebadili jina la akaunti, anauza tengu, lile zimwi la pua ndefu, na picha zake amezipiga juu ya kitambaa kilekile cha bluu alichowapigia picha mbweha. Kama umeshalipa kwa kadi, wahi benki leo, na usifute mazungumzo yenu.