Uzoefu wangu: kutafuta asili ya akina Smith wa Cavan kwenye sensa za zamani za Ireland

Nimetumia huduma mbili kutafuta asili ya jina la ukoo wa mume wangu, moja ya kulipia na nyingine ya bure, na ile ya bure imeishinda ya kulipia kwa mbali sana. Ya bure ni tovuti ya sensa ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland. Nawaandikia hasa wenzangu tuliooana na watu wa huku Ireland, ambao watoto wetu wanaandikishwa shule kwa majina tusiyojua yametoka wapi.

Mume wangu ni Smith, na kwao ni kaunti ya Cavan. Duka la mtandaoni nililolilipa lilinitumia karatasi yenye ngao, simba na maelezo mafupi kwamba Smith ni jina la Kiingereza. Kwa akina Smith wengi duniani ni kweli. Kwa wa Cavan sivyo: wengi wao asili yao ni Mac an Ghabhann au Mac Gabhann, jina la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, lenye maana ya mwana wa mhunzi, na mhunzi kwa Kiingereza ni smith. Mahali pengine jina hilohilo limebaki McGowan. Na ile ngao nayo ni pambo la ukutani tu, kwa sababu nembo kwa utaratibu wa Ireland hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Haiwi mali ya kila anayeitwa jina fulani.

Sasa tovuti yenyewe. Sensa mbili nilizozitumia humo ni ya tarehe 31 Machi 1901 na ya tarehe 2 Aprili 1911. Unaandika jina la ukoo na kaunti, na ukikijua kitongoji unakiongeza, maana ukitafuta Smith wa Cavan bila kitongoji utazama kwenye majina. Ukishaipata kaya unafungua picha ya fomu yenyewe, iliyojazwa na mkuu wa kaya, au na polisi aliyekuwa karani wa sensa pale ambapo hapakuwa na ajuaye kuandika. Unaona umri, dini, kazi, nani anajua kusoma, nani anazungumza Kigaeli. Kuna hata fomu ya nyumba: madirisha mangapi ya mbele, paa la aina gani, banda la ng'ombe lipo au halipo.

Fomu ya 1911 ndiyo iliyonikamata. Mwaka huo wanawake walioolewa waliulizwa wamekaa kwenye ndoa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kwenye mstari wa bibi mzaa babu wa mume wangu namba mbili za mwisho hazilingani. Nilimwita mume wangu aje asome mwenyewe. Kwao hakuna aliyewahi kuwataja watoto wale, na mama mkwe alipopigiwa simu alinyamaza kwanza, kisha akaanza kuuliza makaburi ya parokia yako upande gani.

Kabla ya 1901 njia inakuwa nyembamba, na ni vizuri mjue sababu msije mkadhani mmekosea kutafuta. Sensa za 1861 na 1871 serikali iliziharibu mapema. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na nyingi za 1821 hadi 1851 ziliteketea Juni 1922, jengo la nyaraka la Four Courts mjini Dublin lilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo nilihamia kwenye makadirio ya kodi ya ardhi ya Griffith ya miaka ya 1847 hadi 1864, halafu kwenye daftari za parokia za Kikatoliki ambazo Maktaba ya Taifa iliziweka wazi mwaka 2015. Zote bure. Daftari hizo ni picha tupu, unasoma ukurasa kwa ukurasa, mara Kilatini, mara wino umefifia. Lakini humo ndimo nilimokuta ninachokitafuta: mtoto mmoja kabatizwa Gowan, mdogo wake Smith, na baba, mama na kitongoji ni walewale.

Nani alibadilisha? Watu hupenda kutaja sheria ya 1465, iliyowaamuru Wagaeli waishio Dublin, Meath, Louth na Kildare kuchukua majina ya Kiingereza: ya mji, ya rangi, ya cheo, au ya ufundi, na Smith imetajwa kwa jina. Kwangu mimi maelezo hayo hayatoshi. Cavan ilikuwa nje ya eneo hilo, chini ya mabwana wa Kigaeli wa Breifne, himaya ya zamani ya huko. Mkono wa Kiingereza uliiingia kwa nguvu karne ya 17, ardhi za Ulster, jimbo la kaskazini ambalo Cavan imo, zilipogawiwa walowezi, na tangu hapo mahakama, kodi na mikataba ya pango vikaandikwa kwa Kiingereza. Mwana wa mhunzi akaandikwa Smith.

Mhunzi kwao hakuwa mtu mdogo. Katika hadithi zao za kale yumo Goibniu, mhunzi wa miungu, na sala ya kale inayohusishwa na Mtakatifu Patrick inaomba kinga dhidi ya uganga wa wanawake, wa wahunzi na wa makuhani wa jadi. Nilipoisoma sala hiyo nilisisimka, kwa sababu mama yangu ni wa Ugweno, Upare, na ni wa ukoo wa Washana. Washana ni wahunzi. Ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua, na chuma cha Upare kilifika hadi Uchagani. Mshana wa leo awe daktari au dereva, jina lake bado linataja mvukuto. Kumbe wanangu wana wahunzi pande zote mbili! Duka lile halikunipa hata robo ya furaha hiyo.

Ushauri wangu: anzeni na 1911, mrudi 1901, muandike kitongoji na majina ya wazazi kabla ya kugusa daftari za parokia. Tafuteni Smith, Smyth, Gowan, McGowan na Magowan, kila moja peke yake. Na mwenye asili ya Cavan asiache kuangalia vipande vya sensa ya 1821, kwani parokia kadhaa za kaunti hiyo ni kati ya chache nchini zilizosalimika.