RNA polimerasi ya E. coli ya New England Biolabs: M0550 au M0551?

New England Biolabs ya Marekani huuza kimeng'enya hiki cha bakteria E. coli, kinachoandika RNA kutoka kwenye DNA, kwa namna mbili. M0550 ni kiini kitupu, chenye vipande vitano vya protini: alfa mbili, beta, beta prima na omega. M0551 ni kimeng'enya kamili, kimeshashibishwa sigma 70, kipande kinachoitambua promota, yaani sehemu ya DNA ambapo uandishi huanzia. Anayetaka RNA tu kutoka kwenye promota achukue M0551, asijisumbue. Maabara inayochunguza au kufundisha jinsi vipande vinavyoungana inunue M0550, ikijua kwamba inapata hatua moja tu, ile ya mwisho, ya kiini kuungana na sigma.

Hatua nyingine zilishapita ndani ya bakteria. Alfa mbili hushikana kwanza, kwa sababu beta hushika jozi. Beta prima hufuata, na omega, kipande kidogo cha amino asidi 91, husaidia mkia wake ukunjike vizuri. Kuyaona hayo kunataka kuzalisha kila kipande peke yake, kuvikunjua kwa kemikali ya guanidini molari 6, kuvichanganya beta na beta prima zikizidi alfa, kisha kuitoa guanidini taratibu kwa dayalisisi (kuipitisha kwenye mfuko wa utando) katika bafa yenye magnesiamu na zinki. Ukiharakisha, protini hugandana na kuonekana kama ukungu mweupe ndani ya mfuko. Hakuna chupa ya dukani inayokuepusha na kazi hiyo.

Sigma utaitafuta kwingine. Kiini kina uzito wa kilodaltoni 390 hivi, kwa hiyo pikomoli 1 ni mikrogramu 0.39, pikomoli 4 za sigma 70 ni mikrogramu 0.28. Uwiano huo wa moja kwa nne unatosha. Kero ni kwamba chupa huuzwa kwa yuniti, na yuniti hupima kazi, haihesabu molekuli. Pima protini kabla ya kupiga hesabu. Changanya kiini na sigma, weka nyuzi 37 kwa dakika 10, ndipo utie DNA na usubiri dakika 10 nyingine. Heparini, inayonasa polimerasi isiyoshika DNA, ije baada ya hapo, pamoja na nukliotidi, yaani herufi za kujengea RNA. Ukiitanguliza itaikamata polimerasi kabla haijaifungua promota, nawe utailaumu sigma bure. Siku zote andaa kijichupa kimoja kisicho na sigma: kiini kitupu nacho huandika RNA, kikianzia kwenye ncha na mikwaruzo ya DNA, na uchafu huo lazima uujue.

Kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, ndiko watu hupotea. Beta (kilodaltoni 150) na beta prima (155) hukaribiana mno, na katika jeli fupi ya 10% huonekana mstari mmoja. Tumia ya 6 au 7%. Omega hutoroka chini. Sigma 70, licha ya jina lake, hukaa karibu na alama ya 90. Mstari huo si uchafu, usirudishe mzigo.

Chupa ina giliseroli 50%, haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Gusa uso wa kimiminika tu kwa ncha ya pipeti, maana ukiizamisha, tone linalong'ang'ania nje linaweza kuongeza kipimo pakubwa. Katika mchanganyiko wa mikrolita 20, kimeng'enya na sigma kwa pamoja visizidi mikrolita 2. Koroga kwa kugonga kidole. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, labda chupa ikae ndani ya kisanduku cha baridi.

Kwa kipimo cha mwisho, rifampisini, dawa ile ile ya wagonjwa wa TB, hushika beta. Itie kabla ya nukliotidi: RNA itakwama kwenye herufi 2 au 3. Itie mnyororo ukishakuwa mrefu, na kazi itaendelea kama kawaida. Ukiona RNA ndefu katika kijichupa cha kwanza, kuna polimerasi nyingine humo, huenda ile ya kirusi T7 iliyobaki kwenye pipeti.