Tathmini ya Huduma: Ofisi ya Ushauri wa Mashirika ya Hisani, Kisumu

Kwa miezi minne iliyopita kikundi chetu cha watu 12, wengi wetu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa viungo kutoka Nyalenda na Dunga, kimehudumiwa na ofisi ndogo iliyo katikati ya jiji la Kisumu, inayowasaidia watu kuanzisha mashirika ya hisani. Tulilipa shilingi 15,000 kwa awamu mbili, tukaahidiwa vikao vitatu, rasimu ya katiba na msaada wa kuandaa makaratasi ya usajili. Tulikwenda pale tukidhani kwamba tulichokikosa ni cheti tu.

Katika kikao cha kwanza hatukujaza fomu yoyote. Mshauri alitaka kujua fedha zitatoka wapi na kazi yetu itafika wapi, kisha akatueleza njia zilizopo. Kikundi cha jamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, huhitaji wanachama wasiopungua 10, na maombi hupelekwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Shirika la manufaa ya umma lina sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikichukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Sisi tulikuwa tumeshajiona shirika kubwa. Alitushauri tuanze kama kikundi cha jamii, kwa kuwa kazi yetu haivuki mitaa miwili na hatuna uwezo wa kumlipa mkaguzi wa hesabu, ingawa yeye angepata malipo makubwa zaidi kwa kutuandalia usajili ule mwingine. Kwa uaminifu huo ninamshukuru kwa dhati.

Kikao cha pili ndicho kilichotufaa kuliko vyote. Tulikuja na katiba tuliyoinakili kwa kikundi kingine, yenye kifungu kilichosema kwamba mwanzilishi atakuwa mwenyekiti hadi atakapoamua mwenyewe kung'atuka. Mwanzilishi ni mimi. Mshauri alikikata kifungu hicho kwa kalamu nyekundu, akaniuliza mbele ya wenzangu: "Mwalimu, ukiugua kesho, nani ataitisha mkutano?" Sikuwa na jibu. Akafika kwa mweka hazina, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na akatuonyesha kwamba kati ya watia sahihi watatu wa akaunti ya benki, wawili walikuwa wa nyumba moja. Hakumshuku mtu, alitaka tujue tutamjibu nini mhisani atakayeuliza ni nani anayeweza kumzuia mwenyekiti asitoe fedha. Tulibishana saa mbili nzima, mengine yakiwa maneno makali, hadi tukakubaliana juu ya kipindi cha uongozi cha miaka mitatu, akidi ya theluthi mbili, watia sahihi wasio na undugu, na kifungu kinachomtaka kiongozi mwenye maslahi katika jambo fulani atoke nje linapojadiliwa. Kifungu kwamba kikundi kikivunjwa mali itakayobaki itapewa kikundi chenye malengo kama yetu, wala haitagawanywa kwa wanachama, mama mmoja aliomba kisomwe mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Dholuo.

Kuhusu kodi walisema ukweli mapema: cheti cha usajili hakileti msamaha, huo huombwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na kazi hiyo wanaitoza kando.

Nina malalamiko mawili. Kikao cha tatu, cha utunzaji wa hesabu, kiliahirishwa mara mbili wakati tumeshalipa nauli na kuwaacha watoto kwa majirani, na kilipofanyika, vocha za malipo na daftari la fedha vilielezwa kwa dakika 40 tu. La pili ni zito zaidi. Hatukutajiwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, ilhali tulikuwa tukisambaza kwenye WhatsApp picha za watoto wakiwa katika viti vya magurudumu ili kuomba michango. Nililijua hilo baadaye kwa kusoma mwenyewe. Tukaziondoa picha, tukapita nyumba kwa nyumba kuomba idhini ya maandishi, na wazazi wawili walikataa. Ofisi inayofanya kazi hii kila siku ilipaswa kutueleza hayo siku ya kwanza.

Bado ningewapeleka wenzangu pale kwa ajili ya katiba, mradi tarehe za vikao ziandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kulipa awamu ya pili.