Lipa namba kwa anayeuza mtandaoni: uzoefu wangu na jinsi ninavyolinda hela ya mauzo

Nauza mashuka, foronya na mapazia, duka liko Kariakoo. Wateja wanaoingia mlangoni ni wachache kuliko wanaotokea kwenye simu. Mtu anaona picha Instagram, tunaelewana bei WhatsApp, analipa, mzigo unapelekwa ofisi ya basi Shekilango, kesho yake anaupokea Singida au Mbeya. Hapo kwenye "analipa" ndipo penye kazi. Mapazia yakichelewa mteja atanuna, lakini bado tutaongea. Hela isipoingia na mzigo umeshaondoka, hakuna wa kuongea naye, maana na namba imeshazimwa.

Zamani nilikuwa napokea malipo kwenye laini yangu ya kawaida, ile ile ninayopigia nyumbani na kununulia LUKU. Baadaye nikahamia lipa namba, yaani namba maalumu ya biashara ya kupokea malipo ya simu, na ndiyo ninayoizungumzia hapa. Mtandao ninaotumia siutaji. M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa wote wana huduma ya aina hii, na mengi nitakayosema yanahusu jinsi ya kuitumia kuliko rangi ya bango.

Faida ya kwanza sikuitegemea, nayo ni jina. Mteja akiingiza lipa namba yangu, kabla hajaweka namba ya siri anaona jina la biashara, lile lile lililopo kwenye ukurasa wangu. Kwa mtu aliyeko Kahama ambaye hajawahi kuniona, hilo limefanya kazi kuliko maneno yangu yote ya "dada usiwe na wasiwasi". Na kuna mjanja mmoja aliiba picha zangu akafungua ukurasa unaofanana na wangu. Wateja waliomkwepa wengi walimkwepa hapo hapo kwenye jina: walipewa namba ya kawaida, wakaona jina la mtu wasiyemjua, wakanitafuta kuuliza.

Sasa twende kwenye meseji, maana ndiko wanakopigwa wengi.

Siku moja mteja alijitambulisha kuwa yuko Dar, anataka mashuka mawili na pazia za sebuleni, jumla 185,000. Hakuomba hata kupunguziwa, na mtu asiyeomba kupunguziwa Kariakoo mimi huwa namtazama mara mbili. Ikaingia meseji: imethibitishwa, umepokea Tsh 185,000, jina la mtumaji, kumbukumbu namba, kila kitu mahali pake. Kabla sijaisoma vizuri akapiga. "Dada, hela si imeingia? Boda wangu yuko hapo nje, mpe mzigo, mimi naingia kikaoni." Na kweli bodaboda alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anasubiri.

Nilitazama vitu viwili. Cha kwanza, meseji haikuja chini ya jina la huduma, pale zinapojipanga meseji zangu zote za malipo. Ilikuja peke yake, imetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Cha pili kilinichekesha. Salio langu kabla ya hapo lilikuwa 412,500, lakini meseji ilisema salio jipya ni 203,400. Yaani nimepokea hela, halafu salio limepungua! Tapeli anaweza kunakili kila neno la meseji, lakini salio langu halijui, kwa hiyo anabuni tu. Nikafungua menyu, nikaangalia salio mwenyewe: 412,500, vile vile.

Nikamwambia haijaingia, tusubiri. Akaja juu kwanza, kwamba nataka kumdhulumu. Kisha akawa mpole, akanitumia picha ya skrini kama ushahidi. Kisha akakata. Aliyenisikitisha ni yule bodaboda. Alikuwa ameitwa tu kwa simu, hajui lolote, na hela yake ya kusubiri hakulipwa na mtu.

Utaratibu wa dukani ukawa mmoja: mzigo hautoki mpaka muamala uonekane kwenye orodha ya miamala ya lipa namba yenyewe. Meseji hatuitegemei, picha ya skrini hatuitazami kabisa, siku hizi hata mtoto wa shule anaitengeneza kwa dakika mbili. Binti anayenisaidia dukani anafuata hivyo hivyo hata kama mteja ni shangazi yangu. Na hapa huduma imenisaidia sana, kwa sababu laini yake imeunganishwa kuona malipo yanayoingia bila uwezo wa kutoa. Anajua nani amelipa, mzigo unafungwa, mimi nikiwa hata sokoni Ilala. Nilipokuwa natumia laini binafsi ilibidi nimwachie simu pamoja na namba ya siri, au kila mteja asubiri mpaka nirudi.

Ujanja wa pili ni wa kistaarabu zaidi, na hela yake ni ya kweli. Mtu analipa, anaingia muamala halali, unamtumia risiti ya basi, halafu anapigia mtandao wake kusema amekosea namba, arudishiwe. Jirani yangu wa vyombo alifanyiwa hivyo kwenye laini ya kawaida: mzigo umeshapita Morogoro, hela imezuiwa uchunguzi ufanyike. Siwalaumu mitandao kwa kuwa na huduma ya kurudisha miamala. Watu wanaokosea namba kweli ni wengi, na huenda kesho ni mimi. Lakini mfanyabiashara lazima ajue kwamba hela iliyoingia kwenye laini binafsi inaonekana kama hela aliyotumiwa mtu na mtu. Kwenye mfumo hakuna kinachoonyesha kwamba kuna mashuka yaliuzwa.

Kwenye lipa namba ilishatokea kwangu mteja akadai arudishiwe. Nilipigiwa kwanza, nikaulizwa kama nina taarifa za mauzo hayo. Nilikuwa nazo: mazungumzo ya WhatsApp yenye bei na rangi aliyochagua, na risiti ya ofisi ya basi yenye jina na namba ya mpokeaji, namba ile ile iliyolipa. Suala likaishia hapo. Kwa sababu hiyo kila mzigo unaotoka napiga picha risiti ya basi pamoja na kifurushi kilichofungwa, na simfutii mteja mazungumzo hata kama ameniudhi vipi.

Ujanja huu una ndugu yake: wa yule anayelipa zaidi. Bei ni 90,000, anatuma 190,000, kisha anaomba umrudishie 100,000 "kwenye namba ya mdogo wangu, hii yangu ina deni la mtandao". Ukituma, na yeye kule akaomba muamala wake wote urudishwe, umelia mara mbili. Mimi hela iliyozidi hairudi kwa namba nyingine yoyote isipokuwa ile iliyolipa, na hairudi siku hiyo hiyo kwa kuharakishwa. Mwaminifu anaelewa. Asiye mwaminifu anatukana, na mimi napata jibu nililokuwa nalihitaji.

Kuhusu laini yenyewe. Lipa namba yangu inaendeshwa na laini ambayo haipo Instagram, haipo kwenye kadi, wala haina WhatsApp. Namba ya wateja ni nyingine. Naona wengi wanaweka namba moja kila mahali, halafu wanashangaa wanapopigiwa na "huduma kwa wateja" anayejua jina lao na jina la duka. Mimi nilipigiwa kwenye ile ya wateja: lipa namba yako inafungwa leo jioni usipoihakiki, nitajie tarakimu zilizokuingilia sasa hivi kwenye meseji. Mtandao ukikupigia unapiga kwa namba 100. Nyingine zote, hata aongee kwa adabu namna gani, ni mtu tu mwenye simu. Nilikata, akanitumia meseji ya kunihimiza, nami nikaipeleka 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Haichukui muda, ingawa najua wengi tunaishia kutukana na kufuta.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi sana ni alama za vidole. Tangu usajili wa laini uhamie kwenye kitambulisho cha NIDA, kidole chako ndiyo saini yako. Ukisajili kwa kijana wa mwavuli barabarani akakwambia "haijasoma, weka tena", weka tena lakini ukitoka hapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe. Na laini ya biashara ikizima ghafla huku wa pembeni yako wana mtandao, usingoje irudi. Azima simu upige 100 wasimamishe akaunti, kisha ndiyo utafute sababu. Kuna ambao namba yao inahamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine wakiwa wamekaa wanapuliza simu wakidhani ni vumbi.

Watu huniuliza, je, mtandao wenyewe ukifilisika? Hapo nina amani zaidi kuliko wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, hela ya wateja iliyoko kwenye simu inatakiwa iwe na hela halisi inayolingana nayo, iliyowekwa benki kwenye akaunti ya amana, mbali na hela za kampuni. Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Ninachoogopa mimi ni simu kuporwa pale Msimbazi, au namba ya siri kuchunguliwa na mtu nyuma yangu kwa wakala. Kwa hiyo kila jioni mauzo yanahamia benki, inabaki ya kuanzia kesho. Ndiyo, kuna makato ya kuhamisha, na tangu yale mambo ya tozo ya mwaka 2021 kila mtu ana uchungu na makato. Mimi nayahesabu kama kodi ya fremu.

Kasoro zipo. Kubwa ni malipo yanayovuka mtandao. Siku hizi mteja wa mtandao wowote, au hata wa benki, ananilipa kwenye namba ile ile, na mara nyingi hela inafika kabla hajashusha simu. Ila zipo siku inakatwa kwake na kwangu haionekani. Mteja anawaka moto, mimi nina orodha tupu, na kila upande wa huduma kwa wateja unatuelekeza kwa mwenzake. Nilichojifunza ni kwamba anayepaswa kufungua lalamiko ni yule aliyekatwa, kwa mtandao wake, akiwa na kumbukumbu namba ya muamala, na asikate simu bila kupewa namba ya lalamiko. Wakimzungusha, kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinampa nafasi ya kupeleka suala hilo Benki Kuu yenyewe. Mteja wangu mmoja alipoitaja Benki Kuu tu kwenye simu, sauti ya upande wa pili ilibadilika.

Kasoro ya pili ni stika. Bango la lipa namba linabandikwa ukutani, na mtu yeyote anaweza kubandika la kwake juu. Tunalikagua asubuhi tukifagia, na binti huwaambia wateja wa dukani wasome jina kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri. Wengine wanaona ni usumbufu, wengine wanacheka.

Ya tatu si kasoro ya huduma bali ni hofu ya watu: "lipa namba TRA wanaona kila kitu". Nimesikia hilo kila kona ya Kariakoo. Mimi niliombwa NIDA na TIN wakati wa kusajili, nikatoa. Taarifa ya miamala ninayoipakua kila mwisho wa mwezi imenisaidia kujua pazia zipi zinaenda na mwezi gani ni mkavu, na nilipokwenda benki kuulizia mkopo ndiyo karatasi ya kwanza waliyoitaka. Anayetaka kujificha atafute njia nyingine.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa mitandao yote, ningeomba niweze kufunga lipa namba yangu isitoe hela popote isipokuwa kwenye akaunti yangu moja ya benki. Simu ikiporwa, mwizi aishie kuangalia salio.

Je, naipendekeza? Kwa anayeuza vitu vya elfu mbili tatu kwa majirani wanaofahamiana, laini ya pili ya kawaida inatosha, haina haja ya mlolongo. Lakini kama unatuma mzigo mkoani kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana, chukua lipa namba, na hakikisha tangu siku ya kusajili imeandikwa jina lile lile unalolitumia mtandaoni, herufi kwa herufi. Rafiki yangu wa vipodozi aliandikishwa jina lake la kitambulisho. Mpaka leo anawaeleza wateja huyo ni nani, na kila akienda kulibadilisha anaambiwa alete karatasi nyingine.