Sato wa Kirumba: mlo na boksi la safari kwa anayekwenda Mwanza kuwaona watu wake

Ukienda Mwanza kuwatembelea marafiki na wenyeji wako wakakuruhusu kula nje mara moja tu, basi mara hiyo iwe Kirumba, kwa mama anayekaanga sato kwa kuni upande wa kushukia Mwaloni, soko la samaki. Kibanda hakina kibao. Ukishaacha barabara iendayo uwanja wa ndege na kuanza kuteremka kuelekea sokoni hapo, waulize wasukuma mikokoteni, wote wanamfahamu na watakuonesha moshi wake. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma, na samaki tunaowaona kule ni waliokwisha kusafiri. Napika samaki nyumbani kwangu kila nikipata mzuri, kwa hiyo nilikwenda nikijua ninachokitafuta.

Mwenyeji wangu ni rafiki niliyesoma naye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Malimbe. Baada ya chuo mimi nilirudi kwetu, yeye akaolewa Bwiru, na sasa anaitwa mama mapacha. Shule zilipofunga kwa likizo fupi nikapanda basi. Ni safari ya kutwa: Singida, Igunga, Nzega, Shinyanga, kisha Usagara ambako mawe yanaanza kujitokeza pande zote, halafu Buhongwa, Mkolani, unashuka Nyegezi jioni ukiwa na vumbi na njaa.

Usiku huo shemeji alitaka kunikirimu, akatupeleka kwenye mgahawa mmoja mzuri kwa macho, wenye taa za rangi na viti vinavyotazama ziwa. Sitautaja, maana inawezekana tuliwakuta siku mbaya. Lakini sato aliyeletwa alikuwa amekaangwa mapema na kupashwa moto upya. Ngozi ilikuwa ngumu, nyama ya mgongoni imekauka, na kijana aliyetuhudumia alipoulizwa samaki ameingia lini alisema tu ni wa leo, bila kwenda kuuliza jikoni. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya niliyolipa kesho yake Kirumba. Mama mapacha aliona nimemwacha nusu. Hakusema kitu pale mezani, ila tulipofika nyumbani akaniambia, "Kesho nakupeleka kwa mama."

Jumamosi asubuhi tuliwapeleka watoto Saanane. Boti inaondokea Kapripointi na ni mwendo wa dakika chache. Kisiwa kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina limetokana na mzee aliyekuwa akiishi hapo akivua na kulima. Watoto walifurahia pimbi wanaoota jua juu ya mawe, mimi nikafurahia kupanda hadi juu na kuiona Mwanza yote, nyumba zimeparamia vilima katikati ya majabali. Chukueni maji ya kunywa na mvae viatu vya kufunga. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, maana tuliposhuka wote tulikuwa tunawaza chakula.

Sasa Kirumba. Tulifika mchana. Mama ni mtu mzima, kajifunga khanga mbili, ana binti mmoja wa kumsaidia na makarai mawili makubwa juu ya mafiga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mwadila." Rafiki yangu akaitika kwa Kisukuma kwa niaba yetu, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo samaki wakatajwa. Hapo hapo nilijua tumefika mahali pa watu.

Jambo la kwanza linalonifanya nimsifu ni kwamba samaki unamwona akiwa mbichi. Anawaweka kwenye beseni pana, wamefunikwa gunia lililolowanishwa, na anawafuata mwenyewe sokoni alfajiri. Alifunua gunia, akamshika mmoja na kumfungua shavu ili nione matamvua: mekundu ya damu, hayajaanza kuwa kahawia. Macho yalikuwa maangavu na yametuna. Nikabonyeza ubavu kwa kidole, nyama ikarudi mahali pake. Hakukasirika kukaguliwa, alisubiri nimalize.

Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kuambiwa na muuza samaki yeyote bila kumuuliza. "Hawa hapa ni wa ziwani. Wale pale ni wa kizimba. Wa kizimba ana mafuta zaidi na ni wa bei nafuu, wa ziwani nyama yake inashikana. Chagueni wenyewe." Anayelifuatilia ziwa hili anajua uzito wa maneno hayo. Sato wa ziwani wamepungua, nyavu za macho madogo zimechangia sana, na vizimba vya kufugia samaki vimeongezeka kwenye ghuba. Mimi sina ugomvi na samaki wa kizimba, nimemla akiwa mtamu. Ninachotaka ni kujua ninachokilipia, na mama yule anakwambia kabla hujatoa pesa.

Sangara hakai sana kwenye makarai ya mama, na mama anafanya vema. Samaki huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akakua na kuwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mpaka aina nyingi zikatoweka, na leo minofu yake inatoka viwandani Mwanza kwenda nje ya nchi, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwake, yanauzwa kwa bei ambayo mwalimu haigusi, na yanayobaki, mapanki, yaani vichwa na mifupa, ndiyo yanayokaangwa na kuuzwa kwa watu wa kipato kidogo. Sangara ana mafuta mengi. Akikaangwa vipande vikubwa hulegea. Mama humpika chukuchuku, kwa nyanya, kitunguu na ndimu, pale tu anapopata mdogo mdogo. Siku ile hakuwepo, na hakujaribu kutuuzia kitu kingine kwa jina lake.

Tulichagua wa ziwani mmoja mmoja, na wa kizimba mmoja mkubwa kwa ajili ya watoto. Bei ikatajwa hapo hapo: Sh12,000 kwa wa ziwani anayemtosha mtu mmoja mwenye njaa, ugali na mboga ndani yake. Binti akaparua magamba, akatoa matumbo, akachanja mbavuni mistari mitatu ya kuzama hadi mfupani. Chumvi na ndimu, basi. Hakuna unga wa rangi, hakuna viungo vya pakiti. Kisha wakawatundika kwenye waya wachuruzike maji, na hapa ndipo wapishi wengi wanapoharibu kwa haraka, kwa sababu samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta hunata kwenye karai na kuacha ngozi yake huko. Mama alichelewesha mpaka ngozi ikakauka. Alipowaingiza mafuta yalikuwa yamepata moto sawasawa, na hakuwagusa mpaka upande mmoja umeshika.

Tulisubiri karibu saa nzima, watoto wakapewa vipande vya muhogo kutuliza tumbo. Sato alipokuja, mkia na mapezi vilikuwa vinavunjika kwa kelele mdomoni, na nyama ndani bado ina majimaji yake, inatoka kwenye mfupa kwa vipande vyeupe vinene. Kwenye michanjo chumvi ilikuwa imefika hadi chini. Shemeji alinisogezea kichwa cha samaki wake kwa sababu ya ugeni wangu, nikakifanyia kazi mpaka mfupa wa mwisho, mashavu na kile kinofu cha nyuma ya jicho. Ugali unachagua: dona, au wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, mweusi kidogo na wenye uchachu. Chukua wa udaga. Uchachu wake unakata mafuta ya samaki vizuri kuliko ndimu, na kwa sisi tunaotoka mbali hatuupati popote.

Kasoro zipo na nazisema ili zirekebishwe, maana nataka kibanda hiki kiendelee. Maji ya kunawa yapo kwenye ndoo yenye bomba, lakini sabuni ilikuwa imeisha na ilibidi tuombe. Kivuli ni kidogo. Ikifika saa nane jua linaingia moja kwa moja kwenye mabenchi, na upepo wa ziwa ukigeuka moshi unawafuata wateja. Kitunguu cha kachumbari hakikuoshwa kwa chumvi, kikawa kikali. Choo hakuna, mnatumia cha sokoni cha kulipia. Mwenye mtoto mchanga aende mapema, au aombe wafungiwe chakula akale nyumbani.

Jumapili baada ya misa wenyeji walinipeleka kuona Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Wakati nasoma tulikuwa tukipanga foleni ya kivuko hapo tukielekea Geita kwenye mazoezi ya kufundisha, na foleni hiyo ilikula nusu siku. Daraja lilifunguliwa Juni 2025. Tulilivuka, tukageuza, watoto wakaomba turudie.

Jioni tulipita tena Kirumba kuchukua mzigo wangu wa safari, na huduma hii ndiyo iliyonisukuma kuandika. Nilikuwa nimeagiza sato wa kupeleka Dodoma. Hawa mama hawakaangi kama anavyowakaanga wale wa mezani. Anawapasua mgongoni wakafunguka kama kitabu, anawatia chumvi zaidi, anawaacha wachuruzike kwa muda mrefu, kisha anawakaanga kwa moto mdogo mpaka povu la mafuta linaisha, dalili kwamba maji yamekwisha ndani. Alikuwa amewakaanga tangu mchana ili wapoe, kwa maana ukifunga samaki wa moto, mvuke unarudi juu yake na usiku huo huo anaanza kunuka. Akawapanga kwenye boksi lililotobolewa matundu, karatasi ya kaki kati ya safu na safu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019 anasema kazi yake imekuwa nzuri zaidi, kwani zamani wateja walikuwa wanamlazimisha afunge kwa plastiki, kisha wanampigia simu kulalamika.

Niliulizia na dagaa. Akanionesha mwezi, ulikuwa umejaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo waliokuwepo sokoni walikuwa wachache na ghali. Angeweza kunitafutia kwa bei hiyo na kujiongezea chake. Aliniambia nisinunue, nisubiri giza, rafiki yangu atanitumia kwa basi.

Boksi lilikaa kwenye buti la basi kutwa nzima. Nililifungua usiku nyumbani, samaki wakavu, wazima, hakuna hata mmoja aliyevunjika mkia. Wawili nilimpa jirani. Waliobaki niliwaunga kwa karanga kidogo kidogo wiki ile, na mpaka wa mwisho walikuwa na ladha.

Kwa anayekwenda: fika kabla ya saa sita na nusu, kwa sababu samaki wakiisha kwenye beseni mama haendi kuongeza wa jioni. Oda ya safari itoe siku moja kabla, useme unasafiri saa ngapi na mpaka wapi, maana chumvi anaipima kwa umbali. Analipwa taslimu au kwa simu, na boksi halina gharama ya ziada. Ukitaka ugali wa udaga sema mapema, anausonga kwa walioomba tu.