Kikokotoo cha milinganyo ya kipeo cha tatu: nakipenda, ila washa namba changamano kwanza

Nafundisha hesabu, na kikokotoo hiki nimekaa nacho miezi minne. Unaingiza namba nne za mlinganyo, unabonyeza, mizizi hiyo, yaani thamani za x zinazotimiza mlinganyo.

Siku ya kwanza kiliniudhi. Niliingiza x³ − 3x² + 4x − 2 = 0, kikanipa 1, basi. Mizizi miwili iliyobaki, 1 + i na 1 − i, haikuonekana mpaka nilipowasha namba changamano (zenye i, yaani kipeuo cha pili cha −1) kwenye mipangilio. Mwanafunzi asiyejua ataamini jibu ni moja tu! Wangeiwasha tangu kiwandani.

Raha yake niliiona kwenye x³ − 15x − 4 = 0, mlinganyo alioushughulikia Bombelli, mwanahisabati wa Italia, mwaka 1572. Kanuni ya Cardano, ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, inakupitisha kwenye kipeuo cha pili cha −121, ilhali majibu yote matatu ni namba halisi. Kikokotoo kikatoa 4, −0.268 na −3.732 papo hapo. Nilifurahi kweli.

Kasoro nyingine: kwa x³ − 3x + 2 = 0 kinaandika 1 na −2, bila kusema 1 imejirudia. Hapo chora grafu, utaona mchirizo unagusa mhimili kwenye 1 na kurudi ulikotoka.