Mota gani uweke kwenye usukani wako wa gemu za magari: mwongozo kwa mnunuzi wa Mombasa

Wenye sukani za Logitech G27 na G29 hapa mjini wanauliza swali lile lile: niweke mota gani ili usukani uwe na nguvu zaidi? Kabla ya kutoa pesa, elewa jambo moja. Nguvu unayoihisi mkononi haitoki kwenye mota peke yake. Inatoka kwenye mota, bodi inayoilisha umeme, adapta, na gia au mkanda unaoifikisha kwako. Ukibadilisha kimoja na kuacha vitatu, aghalabu kile kilichobaki dhaifu ndicho kitakachoungua.

Ndiyo sababu sikuipanga orodha hii kwa kutazama mota ipi ina nguvu zaidi kwenye karatasi. Nimetazama utahisi nini mkononi kwa kila shilingi, na kama fundi wa hapa ataweza kukirekebisha kifaa kikileta shida.

Anza na kitu kisicho na gharama. G29 inatoa takriban Nm 2.2 tu (Nm, yaani nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kugeuza). Gemu inapotaka zaidi ya hapo, kila kinachozidi kinakatwa, na kona kali inakuja mkononi sawasawa na ukingo wa barabara. Kwenye Assetto Corsa, lile dirisha la pedali lina mstari wa msukumo wa usukani. Ukigeuka mwekundu, umefika kikomo. Punguza kiwango cha msukumo kwenye mipangilio mpaka wekundu uonekane mara chache tu. Usukani utakuwa mwepesi kidogo, lakini utaanza kuhisi tairi la mbele linapoanza kuteleza. Wako waliokuwa tayari kununua mota mpya, na hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta.

Ukishafanya hivyo na bado huridhiki, twende kwenye orodha.

Nafasi ya kwanza: mota mpya za ukubwa ule ule

Hili ni kwa mwenye usukani uliochoka, na kwa pesa zake hakuna linaloupita. Mota za G25, G27 na G29 ni za ukubwa wa 555: kipenyo cha milimita 36 hivi, zinalishwa volti 24. Ziko mbili, na zote zinasukuma gia moja kubwa iliyokaa kwenye mhimili wa usukani. Ndani yake mna kaboni zinazosugua komuteta, ile pete ya shaba inayozunguka na shafti na kupokea umeme, na kaboni huliwa. Dalili utazijua: nguvu inakuja na kukatika, upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, au unasikia harufu ya kuungua baada ya mbio ndefu.

Usibahatishe, pima. Chomoa waya za mota, weka mita ya umeme kwenye ohmu, gusisha miguu miwili ya mota, kisha zungusha shafti polepole kwa vidole. Mota nzima itasoma namba inayocheza kidogo tu. Namba ikiruka mbali kisha ikarudi, kaboni haishiki vizuri au komuteta imechafuka. Fanya hivyo kwa zote mbili. Hata moja ikiwa nzima, badilisha zote, kwa sababu mota mpya na kuukuu hazisukumi sawa na utaihisi tofauti hiyo mkononi.

Ile namba ya ohmu uliyosoma kwenye mota iliyo nzima iandike, ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Madukani kuna 555 za volti 12 ambazo kwa umbo huwezi kuzitofautisha na za volti 24. Tuseme mota yako inasoma ohmu 12. Kwa volti 24, ikishikiliwa isizunguke, itavuta ampea 2. Muuzaji akikupa inayosoma ohmu 4, hiyo itataka ampea 6, na ziko mbili. Adapta yako haikutengenezwa kwa mzigo huo, wala vile vipande vya bodi vinavyolisha mota. Utafurahia nguvu mpya kwa muda mfupi, halafu adapta itaanza kujizima katikati ya kona, au bodi itakufa moja kwa moja. Bodi ikifa umepoteza usukani mzima.

Ukumbuke pia kwamba mota ya usukani inafanya kazi ngumu kuliko ya feni. Ya feni inazunguka na kujipoza. Ya usukani muda mwingi imeshikiliwa na mikono yako huku umeme unapita, na karibu umeme wote huo unageuka joto. Katika chumba cha Majengo mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, joto hilo halina pa kwenda.

Kwenye G25 na G27, mota moja ina shafti inayotokeza nyuma, na hapo kimekaa kisahani kidogo cha plastiki chenye matundu. Hiyo ndiyo enkoda, inayoiambia bodi usukani umegeuka kiasi gani. Kisahani hicho kinajulikana kwa kupasuka na kuanza kuteleza kwenye shafti. Usukani unapoteza katikati yake: gari linakwenda moja kwa moja huku mikono imepinda. Ukiona hivyo mota huenda haina kosa lolote. Tafuta kisahani kipya, cha chuma ukikipata, na pesa ya mota ibaki mfukoni. Na kama ni lazima ubadilishe mota hiyo, hakikisha mpya nayo ina shafti ya nyuma.

Gia ndogo iliyo mbele ya mota imeingizwa kwa nguvu. Itoe kwa kivuta gia, usiigonge kwa nyundo, maana pigo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Ukiwa umeshafungua, futa grisi ya zamani kwenye gia kubwa na upake mpya, nyembamba, ile inayofaa plastiki. Kagua vichwa vya waya pia. Kwa anayeishi karibu na maji, Nyali au Mji wa Kale, upepo wa chumvi huvifanya vichwa hivyo kuota kutu ya kijani, na kutu hiyo inaiba nguvu kama mota mbovu inavyoiba. Usukani usiotumika ufunikwe.

Kuna mtego mmoja hapa: mota ya 775. Ni ya bei rahisi na inapatikana kila mahali kwa sababu hutumiwa kwenye drili. Kipenyo chake ni milimita 42 na shafti ni milimita 5, kwa hiyo haiingii kwenye nafasi yake bila kukata plastiki, na gia yako ya zamani haivai shafti hiyo. Juu ya hayo, nyingi zimetengenezwa kwa mwendo wa kasi wa volti 12. Watu wanazikata sukani zao nzuri ili ziingie. Nakuomba usifanye hivyo.

Nafasi ya pili: usukani mdogo wa moja kwa moja

Hapa huboreshi tena, unahama. Usukani wa moja kwa moja hauna gia wala mkanda. Unakaa kwenye shafti ya mota yenyewe, na mota haina kaboni za kuliwa. Kile kishindo cha meno ya gia unachokisikia kwenye G29 ukigeuza haraka kinatoweka, na vitu vidogo vilivyokuwa vinamezwa na gia vinafika mkononi. Kwa anayependa mbio za magari ya vumbi, zile hatua za Safari Rally kwenye gemu ya WRC, tofauti ni kubwa mno. Unahisi gari linapoanza kuteleza kabla hujaliona.

Moza R5 inatoa Nm 5.5. Fanatec CSL DD, iliyoanza kuuzwa 2021, inatoa Nm 5 kwa adapta yake ya kawaida na Nm 8 kwa adapta kubwa inayonunuliwa kando. Hilo la pili nalipenda sana, kwa sababu kampuni yenyewe inakuuzia nguvu ya ziada bila wewe kufungua skrubu. Kwa nyumbani, Nm 5 zinatosha kabisa.

Tazama bei kwa makini. CSL DD ilitangazwa kwa dola 349.95, lakini hiyo ni mota tu: duara la kushika na pedali unanunua mbali. Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Piga hesabu yote kabla ya kubonyeza, kwa sababu watu hukwama kifurushi kikiwa kimeshafika.

Halafu uliza unachezea nini. CSL DD ya kawaida na R5 hazichezi na PlayStation. Ndugu yake CSL DD, Gran Turismo DD Pro, inacheza na PS4 na PS5. Mwenye ukumbi wa PlayStation akinunua bila kuuliza hilo, amenunua pambo.

Nafasi ya tatu: Thrustmaster T300 iliyotumika

Kwa mwenye ukumbi wa gemu ningeipandisha hadi ya pili. Mota yake haina kaboni, nguvu inapita kwenye mkanda, inafika karibu na Nm 3.9, na inacheza na PlayStation bila ubishi. Ni laini na kimya kuliko G29. Udhaifu wake ni joto: ina feni ndani, na ikipata moto nguvu inashuka. Kwa ukumbi unaofanya kazi kuanzia mchana mpaka usiku, iweke mbali na ukuta na usizibe matundu yake. Ukinunua ya mtumba, icheze nusu saa mbele ya muuzaji, ndipo utaona inavyolegea au isivyolegea.

Nafasi ya nne: kujiundia kwa mota ya hovabodi

Hii ni ya mtu wa kompyuta, mwenye subira, na fundi anayemwamini. Hovabodi iliyokufa kwa sababu ya betri bado ina mota mbili nzima ndani ya magurudumu yake ya inchi 6.5. Ukikuta waya tatu nene na tano nyembamba zinatoka kwenye ekseli, ndizo hizo. Kinachozunguka ni ganda la nje na ekseli imetulia, kwa hiyo unahitaji fundi wa leithi wa kukuchongea kifungio cha duara la usukani. Karakana za Changamwe zina watu wa kazi hiyo.

Mota ni sehemu rahisi. Gharama iko kwenye vinavyoizunguka: bodi ya kudhibiti kama ODrive, pawasaplai nzuri, na enkoda ya kweli, maana zile sensa za ndani hazina umakini wa kutosha na usukani utakuwa unaruka-ruka. Programu ya OpenFFBoard inaweza kuendesha mpangilio huu na ni ya wazi kwa kila mtu. Usisahau rezista ya breki. Ukiurudisha usukani kwa nguvu, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye pawasaplai. Bila rezista ya kuula umeme huo, pawasaplai itajizima au kuharibika.

Njia nyepesi zaidi ni Arduino Leonardo (bodi ndogo ya kudhibiti inayochomekwa kwenye kompyuta), bodi ya BTS7960 ya kulisha mota umeme, na mota ya skuta ya MY1016 yenye volti 24 na wati 250, zikiunganishwa kwa mkanda. Vifaa hivi vinapatikana Nairobi na vinashuka kwa basi mpaka Mwembe Tayari. Ni shule nzuri kwa kijana anayetaka kujua mambo haya yanavyofanya kazi. Sukani za kujiundia za namna hii ni za kompyuta, msitegemee kuzichomeka kwenye PlayStation.

Nafasi ya tano: servo kubwa za kiwandani

MiGE 130ST-M10010 na ndugu zake, mota za mashine za viwandani zenye enkoda yake ndani. Zinafika Nm 20 na zaidi, na kifaa kikikosea agizo kinaweza kuvunja kidole gumba. Lazima uwe na kitufe chekundu cha dharura karibu na mkono na stendi ya chuma iliyofungwa bolti. Kwa meza ya mbao ya nyumbani, hapana.

Ya mwisho: mota ya waipa ya gari

Inapatikana kwa bei ya kutupa, na ndiyo maana inapendekezwa kila mara. Ndani yake mna gia ya skrubu ambayo mota inaweza kuisukuma ila mkono wako hauwezi kuirudisha. Usukani utakuwa mgumu kama umefungwa. Hata ukipewa bure, iache.

Lolote utakalochagua, weka gadi ya friji kati ya adapta na soketi. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, hiyo inasubiri utulie kwanza ndipo iruhusu. Ni kitu kidogo na kinalinda bodi ambayo hutaipata kwa urahisi hapa.

Na ukienda kununua mota za 555 mkononi, usitosheke na muuzaji kuiwasha kwa betri na kukuonyesha inazunguka. Hata mbovu inazunguka. Unganisha miguu yake miwili kwa kipande cha waya, kisha izungushe kwa vidole. Mota nzuri inakupinga sawasawa mzunguko mzima. Ikilegea mahali pamoja kila inapopita, ndani waya umekatika. Mrudishie, uombe nyingine.